Uzoefu wangu chuo cha sanaa: wenye tabasamu ndio walioniponza

Mambo ya kozi na ada mtayakuta kwenye tovuti yao, siyagusi. Mi nataka kuongelea ile sentensi waliyoiandika kwa maandishi makubwa kwenye kila kipeperushi, eti wafanyakazi wetu wanakujali. Haya. Ngoja niwaambie walivyonijali.

Nasoma ufinyanzi. Kuelekea mwisho wa muhula nilikuwa na mtungi wa kazi ya mwisho, mkubwa, unanifika kiunoni, nimeujenga kwa kuviringisha udongo kama kamba na kupanda nao kidogo kidogo, karibu wiki tatu mgongo unauma mpaka nalala chali. Kitako nikakiacha kinene ili usije ukayumba. Siku ya kupakia tanuri tukaubeba watu wawili mpaka karakana, tunapumua kama tumebeba jeneza.

Sasa fundi wa tanuri, chuo kizima wanamjua kwa mdomo. Nikampa shikamoo, akaitikia huku anaangalia saa. Hakuuliza mtungi wa nani wala una maana gani. Akapiga magoti, akalibandika shavu lake kwenye kitako kama mtu anayesikiliza mtoto tumboni, akakaa hivyo kitambo, akanyanyuka. "Wa baridi. Toa."

Mbele ya darasa zima! Nikamwambia fundi, mbona umekauka, hata rangi imeshapauka. Akanijibu, "Kijana, wewe unaangalia. Udongo hauangaliwi." Watu wakacheka. Mwingine hata simjui alicheka.

Hapo ndipo nikaenda kwa wale wanaojali. Ofisi ya huduma kwa wanafunzi, viti laini, boksi la tishu mezani, dada mmoja mpole mpaka unajisikia vibaya umeingia na viatu vya matope. "Pole sana mdogo wangu, nakuelewa kabisa." Akanisikiliza, akaandika, akapiga simu mbili, akasema maonyesho hayawezi kunisubiri na ni haki yangu kazi yangu ichomwe. Ndani ya nusu saa nina karatasi yenye muhuri. Nilitoka pale natembea kama bwana harusi.

Fundi akaisoma mara mbili, akaikunja, akaitia kwenye mfuko wa eproni. Akausogeza mtungi wangu chini kabisa, akazihamisha kazi za wenzangu mbali, zikabaki bakuli mbili za binti wa mwaka wa kwanza ambazo hazikuwa na pa kwenda. Hakusema neno. Na kile kimya ndicho kilichonikera kuliko hata matusi.

Mnajua mwisho wake. Tanuri lilipopoa na kufunguliwa, mtungi wangu ulikuwa changarawe. Na zile bakuli mbili zimepigwa na vipande vyangu, moja imebaki nusu.

Nilichokuwa sikijui ni kwamba maji yaliyojificha ndani ya udongo yakifika nyuzi 100 yanageuka mvuke, na mvuke unataka nafasi kama mara 1,700 ya ile ya maji yenyewe. Kitako kinene hakina pa kuupitishia, basi unajitengenezea njia. Uchomaji wa kwanza unapanda mpaka kwenye nyuzi 1,000 hivi, mimi wangu haukufika hata robo ya safari. Na lile shavu, kumbe ndio kipimo chenyewe: udongo wenye maji unakuwa wa baridi kwa sababu maji bado yanakauka na kuondoka na joto. Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji, sawa, ila hakuna mhenga aliyeniambia nisiuwahishe tanurini.

Hasira zikanipanda upya. We mtu unajua yote hayo, dakika moja ya kunieleza inakugharimu nini?! Nilikuja hapa kuandika nyota moja, na nilikuwa nimeshaanza kuandika, nikarudi karakana kupiga picha daftari la tanuri ili niweke ushahidi.

Nikasoma daftari. Mwandiko wake. Saa nne usiku: nyuzi 80, mtungi mkubwa, bado. Saa sita: 80, bado. Saa nane: 80, bado, mfuniko wazi. Saa kumi na moja alfajiri: naendelea, karatasi.

Yaani alikesha nao. Aliushikilia chini ya joto la kuchemka usiku kucha, mfuniko wazi, akijaribu kuukausha kwa ajili ya mjinga aliyemshtaki.

Aisee sikupiga picha.

Halafu kuna kitu kinanichoma. Darasani tunafundishwa habari za Bauhaus, chuo kilichoanzishwa Weimar, Ujerumani, mwaka 1919, kwamba karakana zao zilikuwa na walimu wawili, msanii wa umbo na fundi wa kazi yenyewe, na karakana ya ufinyanzi kule Dornburg fundi alikuwa Max Krehan, mfinyanzi kweli kweli, jina lake limeandikwa mpaka leo. Tunajibia mtihani kabisa. Ila fundi wetu mlango wake hauna hata kibao, na kwenye kipeperushi cha wanaotujali picha ni za dada wa viti laini na wenzake.

Kwa huyo dada nilirudi pia. "Pole sana mdogo wangu, nakuelewa kabisa." Sauti ile ile, tishu zile zile. Kisha akanipa fomu ya kujaza kama nimeridhika na huduma. Sisemi ni mtu mbaya, hapana, siku rafiki yangu amefiwa huyo dada alimshika mkono vizuri sana, lakini udongo haujui pole.

Fundi yeye alinisukumia ndoo yenye vipande vya mtungi wangu na kinu. "Ponda. Changanya kwenye udongo mpya, mvuke upate pa kupita. Kitako chembamba." Maneno hayo tu, na akaniandikia nafasi kwenye tanuri la mwisho kabla ya maonyesho, kwa kalamu, bila muhuri wa mtu.

Kwahiyo nyota ngapi? Nilisema moja, nikaandika nne, nikafuta, sasa hivi iko tatu kwa sababu ule mdomo mbele ya watu sijausamehe na sioni kwanini mtu awe sahihi halafu awe na gubu pia. Labda nitabadilisha.

Mtungi mpya uko rafuni. Asubuhi nimeuwekea shavu, wa baridi. Yule binti wa bakuli alikuwa anapita, akaniona nimepiga magoti pale, hakucheka wala hakunisalimia.