Kulipia kutembea: uzoefu wangu na klabu ya wapanda milima ya Kigoma

Kujiunga ni shilingi 20,000, halafu kila mwezi 5,000. Naanza na hela kwa sababu ndilo swali ninaloulizwa na kila mtu, kuanzia mama mkwe hadi mangi wa duka la mtaani kwetu Mwanga: "Yaani unalipa ili utembee?" Kwa Kigoma swali hilo si la utani tu. Mji wenyewe ni vilima. Ukitoka stesheni ukashika barabara ya kuja Mwanga, tayari umeshapanda mlima. Akina mama wa vijiji vya kando ya ziwa wanapanda na kushuka kila siku na mzigo kichwani, na hakuna aliyewahi kuwadai ada. Kwa hiyo acha nieleze ninacholipia, na pale ninapoona hela yangu inapotea bure. Jina la klabu siliandiki. Hawakunituma niwatangaze, na ukiwa mwenyeji utawajua tu, ndio wale wanaopita Jumamosi alfajiri na fimbo mkononi.

Jumamosi nyingi kuna matembezi mafupi ya kuzunguka mji: Bangwe, Katonga, au Ujiji. Ya Ujiji ni ya tambarare na yanamfaa anayeanza. Mnapita kwenye miembe mikongwe ya ile njia ya misafara, mnafika penye mnara wa mahali Livingstone, yule mmisionari mpelelezi, alipokutana na mwandishi wa habari Stanley mwaka 1871, mnakunywa chai, mnarudi. Mimi hayanivutii sana, maana kuna mzee wetu mmoja husimulia habari hiyo hiyo kila tukifika, na kila mwaka Stanley anazidi kuwa mrefu. Mara moja kwa mwezi kuna safari ndefu ya vilimani. Kisha zipo safari kubwa mbili, ya Gombe na ya Mahale, hifadhi za sokwe za kando ya Ziwa Tanganyika, ambazo watu huziwekea akiba mwaka mzima.

Safari ndefu ndizo zilizonibakiza. Kaskazini ya Kibirizi, ukishapita Kalalangabo, vilima vinainuka moja kwa moja kutoka majini. Njia ni za wakulima, nyembamba, zina kokoto zinazoteleza. Mnapita kwenye mihogo na michikichi, halafu mnaingia kwenye miombo. Siku isiyo na ukungu unaiona milima ya Kongo ng'ambo ya pili. Siku moja huko tulikutana na bibi mmoja anashuka na kuni. Tukamsalimu Kiha, "Mwakeye," vijana wakaongeza shikamoo, akaitikia vizuri kisha akauliza tunakwenda wapi.

"Tunatembea tu, bibi," mwenyekiti akajibu.

"Kutembea kwenda wapi?"

"Juu kule, halafu tunarudi."

Bibi akatuangalia mmoja mmoja, mabegi yetu, fimbo zetu. "Kwani mmesahau nini huko juu?"

Mpaka leo kwenye kundi letu mtu akichoka akitaka kurudi, tunamwambia akachukue alichosahau.

Sasa, ninacholipia. Sheria yao kubwa ni kwamba mwendo wa mtu wa mwisho ndio mwendo wa msafara. Mbele anakwenda anayeijua njia, nyuma kabisa anakaa mfunga msafara, na hakuna anayeruhusiwa kubaki nyuma yake. Kwetu kazi hiyo anaifanya mzee mstaafu wa reli. Begi lake lina kamba, tochi, bandeji, sukari ya glukosi, kipande cha sabuni na mfuko wa majivu, nitaeleza kwa nini. Nimemtazama sana jinsi anavyofanya. Mtu akisimama kwa kuishiwa pumzi, mzee naye anasimama, lakini hamtazami. Anageukia ziwani, anaanza kuulizia boti inayopita kule chini ni ya abiria au ya mizigo, kama vile yeye ndiye aliyetaka kusimama. Mtu akishapata pumzi, boti inasahaulika, tunaendelea. Nimeona dada mmoja mnene, mfanyabiashara wa mawese, aliyekuja siku ya kwanza akiwa na wasiwasi wa kuchekwa. Alifika juu akiwa wa mwisho na hakuna aliyempigia makofi ya huruma wala kumuuliza maswali ya kijinga. Siku hizi ndiye anayetuharakisha asubuhi.

Jambo la pili ni maandalizi, na hili mtu wa nje halioni. Kabla ya safari ndefu kuna mtu amekwisha kuonana na mwenyekiti wa kijiji, tumepewa kijana wa pale wa kutuongoza, na malipo yake yamo kwenye mchango. Kundi la watu wasiofahamika kukatiza kwenye mashamba bila taarifa ni kutafuta maneno. Kiangazi hakuna kuwasha moto porini, hata wa chai, kwa sababu majani ya miombo yakishakauka moto ukitoroka haukamatiki. Tukiingia msituni hawaruhusu nguo za bluu wala nyeusi, kwa ajili ya mbung'o. Mimi nilidhani ni masharti ya kuogofyana mpaka nilipomwona mgeni wetu mmoja aliyevaa jinzi. Mbung'o walituacha sote wakamfuata yeye, na wanauma juu ya nguo.

Majivu ni ya upupu. Julai na Agosti maganda yake yanakuwa yamekauka, vile vinyweleo vya dhahabu vinapeperuka ukivigusa kidogo tu. Kijana mmoja alitoka njiani akaegemea kichaka ili apige picha ziwa likionekana nyuma yake. Hakumaliza hata kutabasamu. Mzee akaja taratibu, akamzuia asijikune, akampaka majivu shingoni na mikononi akiyapangusa kuelekea upande mmoja, na muda wote alikuwa anamuuliza habari za masomo. Yule kijana alilia, tusifichane, lakini alishuka kwa miguu yake. Picha ipo, na sura yake mle tunaitumia kama stika.

Gombe ndiyo safari ninayomshauri kila mkazi wa Kigoma asiikose, na bila klabu wengi hatuendi, ingawa hifadhi iko kama kilomita 16 tu kaskazini ya mji. Hakuna barabara, unakwenda kwa boti. Ukikodi peke yako gharama ya boti inakumaliza. Mkiwa wengi inagawanyika hadi inakuwa nauli ya kawaida, na kiingilio cha Mtanzania ni kidogo sana ukilinganisha na cha mgeni. Tunaondoka Kibirizi mapema kabla upepo haujaamka, kwa sababu miezi ya kusi ziwa mchana linaweza kuwa si lile mliloliacha asubuhi. Asiye na jaketi la kuokolea maisha hapandi. Kuna mheshimiwa mmoja aliwahi kuletwa kama mgeni wa heshima, akasema yeye anajua kuogelea. Aliachwa ufukweni na dagaa wanaoanikwa.

Ukifika kuna mambo ya kuvumilia. Mwenye mafua au kikohozi haendi kuwatazama sokwe, hata kama amelipa, kwa kuwa magonjwa yetu ya kifua yanawapata na wao. Mnavaa barakoa, mnakaa mbali nao mita 10, na muda wa kuwatazama ni saa moja. Chakula hakiliwi hovyo nje kwa sababu ya nyani, ambao wanamjua mwenye ndizi kabla hajafungua begi. Njia ya kupanda kufuata bonde la Kakombe hadi maporomoko ni fupi na yenye kivuli. Ile ya kwenda Kilele cha Jane ndiyo kazi: mwinuko mkali, mizizi, jasho. Pale juu ndipo Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, alipokuwa akikaa na darubini yake, baada ya kufika Gombe tarehe 14 Julai 1960, sokwe wakiwa bado wanamkimbia. Alipofariki Oktoba 2025 klabu ilifanya matembezi ya kumkumbuka, na waliojitokeza walikuwa wengi kuliko siku yoyote niliyowahi kuona. Wengi wa wakazi wa vijiji jirani walikuwa wanamwita mama, na walikuwa na hadithi zao, si zile za vitabuni.

Mahale ni habari nyingine, na hapo sifa na lawama zinakwenda pamoja. Mlima Nkungwe una mita 2,462. Mtu akilinganisha na Kilimanjaro ataona mdogo, lakini ziwa lenyewe liko mita 773 hivi, kwa hiyo ukianzia karibu na maji unapanda zaidi ya kilomita moja na nusu kwenda juu, na ndani ya hifadhi hakuna gari la kukusogeza. Wazee wa klabu husimulia enzi za kwenda kusini na Liemba, meli iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913 ikaletwa vipande vipande na kuunganishwa hapa hapa Kigoma. Sisi tulikwenda kwa boti, safari ndefu ya kuchosha mgongo. Mlimani mnakwenda na askari mwenye bunduki, mnalala kwenye mahema, na usiku baridi inakuja ambayo mtu wa Kigoma hana nguo zake. Msitu unaanza mzito, baadaye mianzi, mwisho nyasi na upepo. Kwa Watongwe mlima huu ni mahali patakatifu, na mwenyeji mmoja aliyekuwa nasi alituomba tusipige kelele kileleni. Vijana wa stika wakatii, jambo ambalo mwenyekiti hajawahi kuliweza.

Lawama: hesabu. Safari hiyo inagharimu hela nyingi kwa mishahara yetu, na tulichanga kwa miezi, lakini tuliporudi tulipewa karatasi moja yenye jumla tu. Sisemi kuna mtu amekula. Nasema mtu akichanga anataka kuona mafuta ya boti kiasi gani, chakula kiasi gani, kilichobaki kiko wapi. Tumelisema kikaoni, tukaambiwa linafanyiwa kazi, na mnajua neno hilo linavyokaa muda mrefu. Mahema nayo ni machache na mawili yanavuja. Tulilala wanne kwenye hema la watu wawili, na mmoja wetu ni yule mwenye kukoroma.

Lawama nyingine ni muda. Tangazo likisema saa kumi na mbili kamili, ujue watakaofika saa hiyo ni mzee wa reli, mimi na mbwa wa mwenyekiti. Tunaondoka saa moja na robo, jua limeshaanza. Halafu kuna suala la Jumamosi yenyewe. Imechaguliwa ili isigongane na Ijumaa wala Jumapili, lakini Wasabato hapa ni wengi na wako wanaotamani kuja. Baada ya manung'uniko sasa Jumapili moja moja mchana kuna matembezi ya Katonga. Bado ni ya kuwapoza tu, safari ndefu hawazipati, na mimi naona ni uonevu usio wa lazima.

Maisha ya baada ya kutembea ndiyo sehemu ambayo sikuitegemea. Tukishuka tunaishia kwa mama mmoja wa Kibirizi anayetupikia kwa oda: ugali wa muhogo, migebuka wa kuchoma, dagaa waliokaangwa kwa mawese, pilipili pembeni. Tunakula kwenye sinia, watano watano, na mwenye haya anabaki na njaa. Pombe hairuhusiwi mpaka msafara uvunjwe rasmi, na kuna watu siku hiyo hupenda sana msafara uvunjwe mapema. Hapo ndipo mwalimu anabishana na dereva wa bodaboda kuhusu Simba na Yanga, nesi anakagua malengelenge ya miguu ya watu bila kuulizwa, na mipango ya mwezi ujao inapangwa kweli, si ile ya kikaoni.

Kundi la WhatsApp ni mtihani. Michango haikauki: harusi, kipaimara, msiba, mtoto wa mwanachama kaenda chuo. Ukijumlisha, ada ya 5,000 ni kionjo tu. Nililiweka kimya kwa muda. Lakini mama wa mwanachama mwenzetu alipolazwa, walipanga zamu ya kumpelekea chakula hospitalini, na mzee wa reli alijipa zamu ya usiku, ile isiyotakiwa na mtu. Niliona ile ratiba imebandikwa mle ndani, majina yamejaa yote kabla ya saa sita mchana. Nimerudisha mlio. Michango ya kipaimara bado siipendi.

Kati ya nyota tano nawapa nne. Ya tano wataipata siku nitakapoona karatasi ya Mahale yenye mchanganuo. Anayetaka kujiunga aende kwanza kama mgeni, matembezi ya kwanza hawatozi. Viatu usinunue vipya: mtumbani Mwanga vinapatikana vya mlimani vyenye soli nzima, uliza wanaouza raba wakuonyeshe za chini ya meza. Beba maji lita mbili kwa safari ndefu, suruali isiwe ya bluu. Na kama lengo lako ni Gombe, mchango wa boti ulipe mapema, maana nafasi zikishajaa hawaongezi mtu hata akiwa shemeji ya mwenyekiti. Shemeji mwenyewe amejaribu.