Bút Tháp: hekalu la mashambani ambalo dakika 40 hazilitoshi

Hekalu la Kibudha la Bút Tháp liko mkoani Bắc Ninh, kiasi cha kilomita 30 mashariki mwa Hanoi, kando ya tuta la mto Đuống, na mgeni hulitambua akiwa bado mbali kwa mnara wake wa mawe, Báo Nghiêm, wenye urefu wa mita 13. Ncha ya mnara huo ndiyo iliyolipa hekalu jina, kwa kuwa Bút Tháp maana yake ni mnara wa kalamu, yaani ile kalamu ya brashi waliyoandikia wasomi wa zamani.

Majengo ya sasa yana asili yake katika ukarabati mkubwa wa karne ya 17, uliofadhiliwa na malkia Trịnh Thị Ngọc Trúc enzi za watawa Chuyết Chuyết na Minh Hành, wote wawili kutoka China.

Kilichonipeleka huko, hata hivyo, ni sanamu moja. Quan Âm, bodhisattva (mtakatifu wa Kibudha) wa huruma, mwenye mikono elfu na macho elfu, alichongwa kwa mbao mwaka 1656, akapakwa rangi ya laka na dhahabu, na mwaka 2012 serikali ya Vietnam ikamtangaza kuwa hazina ya taifa. Ana nyuso 11 na mikono mikubwa 42, na nyuma yake mamia ya mikono midogo imepangwa duara juu ya duara, kila kiganja kikiwa na jicho, ili huruma ione kwanza ndipo inyooshe mkono. Mwanzoni niliona duara la dhahabu tu. Ilinibidi nisimame kimya mpaka macho yazoee kiza cha ukumbini ndipo vidole vikaanza kujitenga kimoja kimoja.

Nyuma ya ukumbi huo daraja dogo la mawe, lenye kingo zilizonakshiwa, humvusha mgeni hadi kwenye jengo lenye mnara wa mbao wa ngazi tisa za yungiyungi, ambao umeundwa uzunguke kwenye mhimili wake ili sala ya muumini iongezeke kwa kila mzunguko. Binafsi naiona kazi hii ya useremala kuwa haipungukiwi na sanamu yenyewe, ingawa wageni wengi huipita haraka.

Haraka hiyo naielewa, kwa maana wakala aliyeniuzia safari mara ya kwanza alitupa dakika 40 tu, kisha akatuweka saa nzima kwenye duka la zawadi. Mara ya pili nilikodi pikipiki, nikafika asubuhi mapema, na siku ikatosha pia kwa hekalu kongwe la Dâu na kijiji cha Đông Hồ, kunakochapishwa picha kwa vibao vya mbao, maana vyote viko jirani. Mabega na magoti yafunikwe, viatu vivuliwe kabla ya kuingia ukumbini, na noti ndogondogo za dong ziwe tayari kwa sanduku la sadaka.