Kukisaidia Kituo cha Wanyama Bila Kumchukua Mnyama: Tathmini ya Mpango wa Marafiki

Kwa mwaka mmoja na nusu sasa nimekuwa mwanachama wa mpango wa marafiki katika kituo kimoja cha kuhifadhi wanyama, mpango uliobuniwa kwa ajili ya watu kama mimi, wanaopenda wanyama lakini hawawezi kumchukua mbwa au paka akawa wao moja kwa moja. Sababu yangu ni ya kawaida: kazi hunisafirisha mara kwa mara, tena kwa taarifa fupi, na sioni haki ya kumtoa mnyama katika kizimba cha kituo ili nikamfungie ndani ya nyumba isiyo na mtu. Sitakitaja kituo kwa jina, kwa kuwa ninachokitathmini ni huduma yenyewe, na vituo vingi huipanga kwa namna inayofanana: ulezi wa muda, ufadhili wa mnyama mmoja, michango ya vitu, kazi ya kujitolea na mchango wa fedha wa kila mwezi. Nimepita kote huko. Kama ingenilazimu kutoa nyota, ulezi wa muda ungepata tano, ufadhili ungepata mbili, na mengine yangeangukia hapo katikati.

Ulezi wa muda ndio uliobadilisha maoni yangu kuhusu kituo hicho, kwa sababu ndio uliofanywa kwa umakini zaidi. Nilikabidhiwa watoto watatu wa paka wenye umri wa takriban wiki mbili, waliookotwa ndani ya sanduku bila mama yao, na pamoja nao nikapewa maziwa ya unga yaliyotengenezwa mahususi kwa watoto wa paka, chupa mbili ndogo zenye chuchu, mzani wa jikoni, chupa ya mpira ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa, na daftari. Mhudumu alinikalisha karibu saa nzima, wala hakuniruhusu kuondoka mpaka nilipomlisha mmoja wao mbele ya macho yake. Alinifundisha kwamba mtoto wa paka hunyonya akiwa amelala kifudifudi, maana akilazwa chali kama mtoto wa binadamu maziwa yanaweza kumwingia mapafuni. Kwamba maziwa ya ng'ombe huwaharisha. Na kwamba kila baada ya kunyonya lazima afutwe sehemu za nyuma kwa pamba yenye maji vuguvugu, kama ambavyo mama yake angemlamba, kwa sababu katika umri huo hawezi kukojoa wala kujisaidia bila kusaidiwa. Mambo haya hayahitaji elimu kubwa, lakini ni mambo ambayo mtu mwenye huruma tupu angeweza kuyakosea na kumuua mnyama kwa mapenzi.

Mzani niliudharau mwanzoni. Mtoto wa paka huzaliwa akiwa na gramu 100 hivi, na akiwa mzima huongeza takriban gramu 10 hadi 15 kila siku, kwa hiyo mlezi hutakiwa kuwapima kila siku kwa saa ileile na kuandika katika daftari. Usiku wa tatu, saa tisa na robo, nilipowaamsha kwa ajili ya kunyonya, mdogo wao mwenye rangi ya kijivu aliikataa chupa. Kwa macho hakuwa na tofauti yoyote na nduguze. Nilimweka juu ya mzani, ukasoma 192, na daftari lilionyesha kwamba jioni iliyotangulia alikuwa na 198. Gramu sita ni nyepesi kuliko kijiko cha chai kitupu, lakini kwa kiumbe anayepaswa kuongezeka kila siku ilikuwa habari mbaya. Nilipiga namba ya usiku iliyoandikwa nyuma ya daftari, na daktari wa wanyama aliyekuwa zamu akapokea kwa sauti ya mtu aliyekuwa macho. Akaniuliza jambo moja: «Kaka, hebu mguse nyayo na masikio, ni baridi?» Zilikuwa baridi. Akaniagiza nisimlishe kabisa, kwa kuwa mtoto aliyepoa hawezi kusaga maziwa, bali nimpashe joto polepole ndani ya shati langu mpaka apate nguvu ya kulia. Alilia baada ya nusu saa hivi, akanyonya kidogo, na asubuhi mzani ukasoma 199. Nimewahi kulipia huduma nyingi ambazo simu yake ya dharura haipokelewi hata saa nne asubuhi, na ndiyo maana nyota ya tano naitoa bila kusita.

Yapo mengine katika ulezi huu ambayo watu wengi hawayajui. Mtoto wa paka huzoea binadamu kwa urahisi zaidi kati ya wiki ya pili na ya saba ya maisha yake, na kipindi hicho akikipitisha ndani ya nyumba yenye sauti za sufuria, mlango na wageni, huwa rahisi zaidi kupata mtu wa kumchukua kuliko aliyekulia nyuma ya wavu. Mlezi wa muda kwa hiyo hafanyi kazi ya kutunza tu. Anamwandaa mnyama kwa nyumba ya mtu mwingine. Wangu walianza chakula laini walipofikia wiki ya nne, wakachanjwa kwa mara ya kwanza wakiwa na wiki saba, na walitakiwa kurudi wakiwa na wiki nane, karibu kilo moja kila mmoja, tayari kuhasiwa. Hapo ndipo kituo kilipoteleza. Tarehe yao ya kuhasiwa ilisogezwa mbele mara mbili kwa sababu ya foleni, chakula nilichopewa kikaisha, na nilipouliza kuhusu kingine nilijibiwa kwamba mhusika yuko likizo. Ninunue mwenyewe, sawa, ila mlezi aliyebanwa zaidi kifedha kuliko mimi angekwama.

Kwa asiyeweza kulea kwa majuma, kituo kina utaratibu wa kumchukua mbwa mzima kwa usiku mmoja au mbili kisha kumrudisha. Nilishuku kwamba kumwonjesha mbwa nyumba na kumrudisha kizimbani ni ukatili uliovaa sura ya wema. Hata hivyo, utafiti uliofanywa kwa mbwa 207 katika vituo vitano nchini Marekani na kuchapishwa mwaka 2019 ulipima homoni ya msongo, kotisoli, katika mikojo yao, ukakuta kwamba kiwango hushuka wakati mbwa yuko nyumbani kwa mtu na kwamba akirudi hurudi kilipokuwa mwanzo, bila kupanda zaidi ya hapo. Maana yake ni kwamba usiku ule ni pumziko halisi, ingawa ni fupi, wala mbwa hatozwi malipo ya huzuni baada yake. Mbwa niliyemchukua mara ya kwanza hakutembea, hakucheza, hakuomba chochote. Alilala juu ya mkeka kwa saa kumi na moja, akikoroma kama mzee.

Sasa niuseme ufadhili. Mpango huu hukupa mnyama mmoja, kwa kawaida mwenye umri mkubwa au ugonjwa wa kudumu, nawe unamlipia kila mwezi na kupelekewa barua na picha. Nilimchagua mbwa jike mwenye ugonjwa wa ngozi. Barua zilikuja kwa wakati, zikiwa zimeandikwa kwa nafsi ya kwanza kana kwamba ameziandika mwenyewe, jambo ambalo sikulipenda lakini nililivumilia. Nilichoshindwa kukivumilia ni kugundua, siku moja nilipokwenda kumsalimia, kwamba alikuwa amepata familia miezi minne iliyopita, huku mimi nikiendelea kuandikiwa namna «anavyonisubiri». Sikuwa na uchungu kwa fedha, kwa kuwa naamini ziliwalisha wengine, na kuondoka kwake kulikuwa ndiyo habari njema kuliko zote ambazo barua zile zingeweza kunipa. Lakini ufadhili huuza ukaribu, na ukaribu wa kughushi ni bidhaa mbovu. Waliomba radhi, wakasema orodha ya wafadhili na orodha ya wanyama walioondoka hutunzwa katika mafaili mawili tofauti. Mpaka naandika haya, bado ni mawili.

Michango ya vitu ni eneo ambalo lawama tunagawana, wachangiaji na kituo. Watu huleta walivyochoka navyo, na kituo huona haya kukataa. Nimewahi kusaidia kupanga stoo, na rundo kubwa zaidi lilikuwa la mito na magodoro ya sponji, vitu ambavyo mbwa mwenye upweke huvirarua na kumeza hata matumbo yakaziba, na ambavyo vikilowa mkojo havikauki. Kinachohitajika ni taulo, shuka na mablanketi yasiyo na pamba ndani, magazeti ya zamani, na sabuni. Chakula nacho kina masharti yake. Mnyama akibadilishiwa chakula ghafla huharisha, na kuharisha ndani ya kituo humfanya kila mtu ahofie mlipuko wa ugonjwa, kwa hiyo mifuko kumi ya chakula cha aina kumi ni usumbufu mkubwa kuliko mifuko mitatu ya aina moja wanayotumia tayari. Orodha ya mahitaji ipo, na ni nzuri, lakini imebandikwa ndani ya mlango wa stoo, mahali ambapo mchangiaji anaiona akiwa ameshabeba godoro.

Kazi ya kujitolea nimeipenda kuliko nilivyotarajia, ingawa si kwa sababu zinazowekwa katika matangazo. Wageni wote hutaka kuwatembeza mbwa. Wachache hutaka chumba cha kufulia, na huko ndiko nilikopangwa, chini ya mama mmoja mtu mzima anayejitolea tangu kabla sijafika, ambaye siku ya kwanza alinitazama nikikunja taulo kwa ustadi akaniambia, «Mwanangu, hapa hatukunji kwa uzuri, tunakunja kwa haraka.» Yeye ndiye aliyenifundisha mpangilio wa usafi ambao mafunzo rasmi yaliupitia juu juu: unaanza na mabanda ya watoto, unafuata ya wazima wenye afya, unamalizia na ya wagonjwa, wala hurudi nyuma kamwe bila kubadilisha viatu na nguo. Virusi vya parvo, vinavyoua watoto wa mbwa wasiochanjwa, huweza kukaa ardhini kwa miezi mingi na havifi kwa sabuni ya kawaida. Dawa yenye klorini huviua, lakini klorini huishiwa nguvu ikimwagwa juu ya uchafu, kwa hiyo kinyesi huondolewa na sakafu kusuguliwa kwanza, ndipo dawa imwagwe na iachwe kwa dakika kumi. Dakika kumi ni ndefu mno kwa mtu mwenye haraka. Nimewaona wanaojitolea wakimwaga na kufuta papo hapo, na msimamizi akipita bila kusema neno, na hilo ndilo kosa la huduma hii ambalo ningependa lishughulikiwe kabla ya lolote jingine.

Kuna na kazi ndogo ndogo za watu wasiofika kituoni kabisa, kama kusambaza matangazo mitandaoni au kusafirisha mnyama kutoka kwa daktari. Zinafaa. Ya pekee niliyoiona ikileta tofauti ya dhahiri ni ya picha: paka mweusi aliyepigwa picha kwa taa ya simu, kutoka juu, huonekana kama doa lenye macho mawili, ilhali yuleyule akipigwa picha karibu na dirisha, mpigaji akiwa amepiga magoti usawa wa uso wake, huonekana kuwa mnyama mwenye sura na tabia.

Nimebakiza fedha. Mchango wa kila mwezi, hata uwe mdogo kiasi gani, humwezesha msimamizi kuajiri na kuagiza dawa akijua mwezi ujao utakuwaje, jambo ambalo mchango mkubwa wa mara moja hauwezi. Fomu ya kituo hiki ina kisanduku cha kuelekeza mchango wako kwenye chanjo na kuhasi, na ndicho ninachokipigia alama. Paka jike anaweza kushika mimba akiwa na umri wa miezi minne tu, huibeba kwa wiki tisa hivi, na anaweza kushika nyingine kabla hajamaliza kunyonyesha. Sanduku lililoniletea wageni wangu watatu lilianzia kwa paka mmoja wa mtaani ambaye hakuna aliyemhasi. Kuhusu chanjo, Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba hadi asilimia 99 ya visa vya kichaa cha mbwa kwa binadamu hutokana na mbwa, na kwamba kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo hukata maambukizi, kwa hiyo mchango huo humlinda hata jirani asiyependa wanyama kabisa. Risiti hutumwa siku hiyohiyo, na ripoti ya mwaka huonyesha idadi ya waliohasiwa na waliochanjwa. Haionyeshi waliokufa. Nimeuliza mara mbili kwa maandishi, na mara ya pili nilijibiwa kwamba suala hilo litapelekwa kwenye kikao.

Fomu ya kujiunga ina kurasa mbili na hujazwa kwa robo saa. Anayekusudia kulea aombe namba ya simu ya usiku kabla ya kutia sahihi, aipige mara moja ili ahakikishe kwamba inapokelewa, na aulize ni nani atakayetoa chakula iwapo tarehe ya kurudisha itasogezwa. Asiyepata jibu la maswali hayo aanzie chumba cha kufulia, ambako mama yule yupo kila Jumamosi na taulo haziishi.