Maabara ya mbali: mrija haukusogea, mfumo ukasema jaribio limekamilika

Hizi maabara za mbali, yaani vifaa halisi unavyoviendesha kwa intaneti, zinasifiwa sana, na mimi mwenyewe nimezisifia. Lakini hii tuliyoitumia muhula uliopita imenichefua.

Jaribio lilikuwa la mnururisho (mionzi): mota inasogeza mrija wa Geiger, kifaa cha kugundua mionzi, kwenye reli, mbali na kipande kidogo cha strontiamu-90 kinachotoa mionzi hiyo, na mfumo unahesabu mionzi inayoufikia mrija. Umbali ukiwa maradufu, hesabu inatakiwa ishuke hadi karibu robo. Tulisubiri zamu kwa wiki kadhaa, maana kifaa ni kimoja na vyuo vinavyokigombea ni vingi. Zamu ikafika. Milimita 20: 412. Milimita 40: 388. 60: 405. 80: 397. Chini yake maandishi ya kijani: jaribio limekamilika.

Kwa haraka ungeamini, kwa sababu namba zinapanda na kushuka. Mnururisho ndivyo ulivyo. Hesabu ya 400 hucheza kwa 20 hivi, yaani kipeuo cha pili chake. Kumbe zote zimepimwa mahali pamoja! Mwanafunzi mmoja ndiye aliyeacha jedwali akatazama video: mota inatetemeka, mrija uko palepale.

Nikamwandikia msimamizi, nikaambatanisha jedwali na video. Jibu lake: "Mitambo yetu ni mizima. Mwombe mwalimu wako akuelekeze kusoma matokeo." Mwalimu ni mimi! Nimefundisha fizikia miaka na miaka, halafu nidharauliwe na mtu ambaye hata video hakuifungua?

Nilitaka kuandika hapa kwamba msiziguse kabisa. Hapana, siwezi. Tangu 1998 Jesús del Alamo, profesa wa chuo cha MIT cha Marekani, alipowapa wanafunzi wake transista halisi (vijenzi vya elektroniki) wazipime kwa intaneti, wazo hili limefika mbali. Makerere, Dar es Salaam na Obafemi Awolowo waliingia katika mradi wa iLab, wa MIT wa maabara za mbali. Na chuo kisichoruhusiwa kutunza chanzo cha mnururisho kitalifanyaje jaribio hili? Simulesheni inakupa kile tu alichokiandika mtengeneza programu. Kuna darasa langu la nyuma ambalo kwao mrija ulisogea vizuri, wakabishana kwa nini namba mbili za umbali uleule hazilingani. Ubishi ule ndio fizikia yenyewe, na ningeulipia.

Ndiyo maana hasira haiishi. Ukishirikisha wengine kifaa cha kweli, umebeba dhamana. Weka kitu cha kusoma mrija uko wapi hasa, si mahali ulikoagizwa kwenda, na usipofika mfumo useme haujafika. Mtu akikuandikia, fungua alichokutumia kabla ya kumjibu.

Nilikuja kutoa nyota tatu kwa heshima ya jaribio. Natoa moja. Zamu yetu hawajaturudishia mpaka leo, na mtihani wa vitendo hautusubiri.