Umeme wa boti la dago: nyaya kwanza, ndipo betri

Kaskazi ikikaribia, maboti ya faiba ya zamani hukarabatiwa kwa safari za dago, yaani za kwenda kuvua mbali na kupiga kambi huko, na swali la kila mtu dukani ni betri gani anunue. Mimi naanza na nyaya. Betri mpya ikifungwa kwenye nyaya zilizoliwa na chumvi, taa ya omo, yaani ya mbele ya boti, itafifia kabla ya usiku wa manane, na lawama zote ataangushiwa muuza betri.

Nunua nyaya za shaba zenye nyuzi nyingi, zilizopakwa bati. Shaba tupu hushika kutu ya kijani, kisha huwa nyeusi hata ndani ya mpira wake. Kwangua ncha: ndani pawe pekundu. Ukikuta weupe mpaka kiini, hiyo ni aluminiamu, iache. Unene nao una hesabu yake. Kifaa cha ampia 10 kilicho mita 6 kutoka kwenye betri hupoteza volti 0.8 hivi kwa waya wa milimita za mraba 2.5, kwenda na kurudi. Kwa waya wa 6, upotevu hushuka hadi 0.35. Fyuzi kuu ikae karibu kabisa na ncha chanya ya betri, isizidi sentimita 18.

Sasa piga hesabu ya usiku wako. Taa tatu za LED za wati 10 kwa saa 10 ni wati-saa 300. Ongeza GPS, simu na pampu ya kutoa maji ya ngama (yanayotuama chini ya boti), ufike kama 430, yaani ampia-saa 36 kwa volti 12.

Betri ya kwanza kwangu ni lithiamu iliyoandikwa LiFePO4. Ya ampia-saa 50 inatosha, kwa kuwa unaweza kutumia asilimia 80 hadi 90 bila kuiumiza, na uzito wake ni kilo 5 hadi 7 tu. Bei yake inauma, lakini huchajiwa na kutumika mara elfu mbili na zaidi. Chaji kontrola ya sola, kifaa kinachodhibiti umeme wa paneli unaoingia kwenye betri, lazima iwe na mpangilio wa lithiamu.

Ya pili ni AGM au jeli, betri za risasi zilizozibwa ambazo tindikali yake haichezi kama maji. Hapa utahitaji ampia-saa 100, maana ukiitumia kupita nusu unaifupishia maisha. Ni kilo 25 hadi 30, na kwenye boti dogo uzito huo unausikia. Haimwagi kitu hata boti likilala ubavu. Kwa mwenye bajeti ya kati, ningemshauri hii bila kusita.

Ya tatu ni betri ya maji ya sola. Ni nafuu, ila mawimbi humwaga tindikali, na maji ya bahari yakiingia ndani hutoa gesi ya klorini, ambayo ni sumu. Itengenezee kasha lenye tundu la hewa, mbali na mahali mnapolala.

Betri ya gari iwe ya mwisho. Sahani zake ni nyembamba, zimeundwa kutoa nguvu kubwa kwa sekunde chache. Iachie kazi ya kuwasha mashine.

Fedha isipotosha vyote, funga nyaya nzuri na AGM msimu huu. Lithiamu itakuja kukalia nyaya hizo hizo, utabadilisha mpangilio wa kontrola tu.