Tahadhari: Ukiambiwa "mazabodi imeungua" bila kupimiwa, ondoka na kompyuta yako

Kuna mchezo unaowaumiza sana wenye kompyuta za mezani za zamani. Mashine haiwaki, unaipeleka kwa fundi. Anabonyeza kitufe mara mbili, anainusa, anakwambia mazabodi (bodi kuu ya ndani inayounganisha vifaa vyote) imeungua. Hapo hapo ana ya mtumba ya kukuuzia, au anakubali kuichukua mashine nzima kwa bei ya chuma chakavu. RAM, prosesa na hadidiski, vyote vizima, vinabaki kwake. Kilichokufa pengine ni pawa saplai tu (kisanduku cha ndani kinachoipa kompyuta umeme), au kitufe cha mbele.

Mazabodi hulaumiwa mwisho, baada ya vingine kupimwa. Kwa hiyo anza mwenyewe. Jaribu taa kwenye soketi ile ile, badilisha waya wa umeme, hakikisha swichi ya nyuma iko kwenye I na si O. Chomoa kila kilichochomekwa kwenye USB. Kama pawa saplai ina kiswichi chekundu cha 115/230, kilinganishe na umeme wako. Kikiwa kwenye 115 na umeme ni wa volti 230, pawa saplai huungua mara tu unapowasha, na mazabodi inaweza kuwa salama kabisa.

Fungua kava. Tafuta pini mbili zilizoandikwa PWR_SW au PW, zinakoishia nyaya za kitufe. Vuta plagi yake, gusanisha pini hizo mbili kwa ncha ya bisibisi kwa sekunde moja. Ikiwaka, ubovu ni wa kitufe. Kwa multimita (kifaa cha kupima volti), pima pia betri ya duara iliyo kwenye mazabodi, CR2032: nzima husoma volti 3 hivi. Ikishuka chini ya 2.5 ibadilishe, maana baadhi ya mazabodi za zamani hugoma kuwaka kwa ajili yake.

Kipimo kinachomuumbua tapeli ni cha multimita. Plagi kubwa ya pini 24 (au 20) inayotoka kwenye pawa saplai iache ikiwa imechomekwa kwenye mazabodi, umeme uwepo, ncha nyeusi iguse chuma cha kava, ncha nyekundu uipenyeze kwa nyuma ya plagi. Waya wa zambarau lazima usome kati ya 4.75 na 5.25 hata kompyuta ikiwa imezimwa. Ukisoma sifuri, chomoa plagi kwenye mazabodi upime tena. Volti 5 zikirudi, kuna shoti upande wa mazabodi au kifaa kilichounganishwa nayo. Zisiporudi, pawa saplai imekufa. Kisha hamia waya wa kijani. Kabla ya kubonyeza husoma kati ya 3 na 5, ukibonyeza hushuka karibu na sifuri. Ukishuka na feni isicheze, pawa saplai haiitikii au inajikinga na shoti. Usiposhuka hata ukigusanisha pini, na betri ni nzima, hapo ndipo mazabodi inastahili kushukiwa.

Ujanja wa pili uko kwa wauza pawa saplai. Anaunganisha kijani na cheusi kwa kipande cha waya, feni inazunguka, anakwambia "umeona, nzima". Feni kuzunguka hakuthibitishi kwamba ni nzima. Dai upimiwe volti za nyaya: njano 11.4 hadi 12.6, nyekundu 4.75 hadi 5.25, chungwa 3.14 hadi 3.47, tena ikiwa imefungwa kwenye kompyuta inayofanya kazi, kwa sababu iliyochoka hupita vizuri bila mzigo. Soma na lebo. Imeandikwa 500W kwa herufi kubwa, lakini mstari wa 12V una ampea 16: hizo ni wati 192 tu, na prosesa za miaka mingi sasa hula kwenye 12V. Iliyo nyepesi mno mkononi, yenye nyaya nyembamba zilizochapwa 22AWG badala ya 18AWG iliyo nene zaidi, iache dukani.

Angalizo zito: kuna Dell za mwishoni mwa miaka ya 1990 zenye plagi inayofanana na ya kawaida ila nyaya zimepangwa kivingine. Ukichomeka pawa saplai ya kawaida, unaunguza mazabodi iliyokuwa nzima. Na kamwe usifungue pawa saplai yenyewe. Kapasita zake (vikopo vidogo vinavyohifadhi umeme) huweza kubaki na zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomoa.

Fundi akisisitiza ni mazabodi, akuonyeshe. Kwenye zilizotengenezwa takriban kati ya 1999 na 2007, kapasita za karibu na prosesa huvimba kichwani au kuvuja ute wa kahawia. Hizo hubadilishwa moja moja bila kununua mazabodi nyingine. Ukilazimika kuiacha mashine, toa hadidiski uende nayo, piga picha namba za RAM na prosesa, na mwandikiane kwamba kila spea iliyotolewa utarudishiwa mkononi.