Soko la Tengeru Jumamosi: nenda kabla hujapanga unapika nini

Wadau wa Arusha mnaosema mboga za siku hizi hazina ladha, Tengeru ipo hapo tu, kama kilomita 13 kutoka mjini barabara ya Moshi, na tangu ile njia nne ya Sakina mpaka Tengeru ikamilike hata daladala haikawii. Gulio lenyewe ni Jumatano na Jumamosi. Siku zingine watu wanauza pia ila ni biashara ya kawaida, ukitaka kuona wakulima wenyewe wameshuka na mizigo yao kutoka mlimani nenda siku hizo mbili, na mi nakushauri Jumamosi, asubuhi, kabla jua halijachoma majani.

Kitu cha kwanza, usiende na listi. Najua wengi tunatoka nyumbani tumeshaamua leo ni njegere au leo ni biringanya, alafu tunazunguka soko zima tunatafuta kitu ambacho sio wakati wake, tukikipata ni kimetoka mbali, kimechoka na bei iko juu. Tengeru ukienda na kikapu kitupu na swali moja tu, "mama leo kimeingia nini?", utakula vizuri kuliko mwenye listi. Wanajibu kabisa, tena kwa furaha, maana kilichoingia kwa wingi ndio wanachotaka kiondoke.

Mi nimeenda sasa hivi Juni, masika imeisha, baridi ya Meru ndio inaanza kuuma, na hiki ni kipindi kitamu sana kwa soko hili. Maharage mabichi bado yako kwenye maganda, kina mama wamekaa chini wanayamenya huku wanapiga stori, unanunua yaliyomenywa au unachukua na maganda ukamenye mwenyewe nyumbani. Mahindi mabichi yamejaa. Machungwa ya Muheza ndio msimu wake yanapanda kutoka Tanga, karoti za West Kilimanjaro zinakuja bado zina udongo (ukiona karoti imeoshwa inang'aa sana jua ina masaa mengi kwenye maji), vitunguu ni vya Mang'ola kule Karatu na ukitaka mchele mwambie muuzaji unataka wa Magugu, ukiiva nyumba nzima inanukia. Embe achana nalo kwa sasa. Ukiliona limetengwa peke yake na bei yake kubwa we subiri, Desemba yatakuwa kila kona na utachagua mpaka uchoke.

Upande wa ndizi ndio nilikaa sana. Kuna mama mmoja mtu mzima, ana mikungu kama sita ameilaza kwenye majani makavu, anaongea Kimeru na jirani yake. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, alafu kabla sijauliza bei akaniuliza yeye, "unapika mtori au za nyama?" Nikamwambia mtori. Akaruka ndizi zote za mbele akaenda kwa ndizi aina ya mshare iliyokuwa nyuma, akakwaruza ganda kidogo kwa ukucha, utomvu ukatoka palepale mweupe, akanionyesha kidole, "hii imekatwa jana jioni." Kakata chane mbili, kaziangalia, moja akairudisha akanipa ingine kwa sababu ile ya kwanza ilikuwa imeanza kulainika upande mmoja na kwenye mtori ingeleta utamu ambao hautakiwi. Hakuna mashine ya supamaketi itakayokufanyia hivo. Na ukifika nyumbani paka mafuta ya kula mikononi kabla ya kumenya, utomvu wa mshare ukiganda kwenye vidole utahangaika nao siku mbili.

Parachichi nako kuna ufundi. Muuzaji mzuri anakuuliza "unakula lini?" Usijibu tu "zozote." Mwambie ukweli, mbili za leo, mbili za Jumatatu, mbili za katikati ya wiki, atazishika moja moja kwa kidole gumba karibu na kikonyo na kukupangia. Mwenyewe nilizichukua hivo na kila siku iliyofika ilikuta parachichi yake imeiva. Anayelibonyeza bonyeza katikati mpaka linabaki na alama, huyo ni mnunuzi mbaya jamani, wale wakina mama wanaumia, parachichi likishabonyezwa na watu watano jioni limekuwa jeusi ndani na hasara ni ya muuzaji.

Nyanya nawaambia watu kila siku, Tengeru sio soko tu, ni shule ya mboga. Kituo cha utafiti wa mazao ya bustani kipo hapo hapo na ile mbegu ya nyanya inaitwa Tengeru 97 imepewa jina la hapa, ngozi yake ngumu, inavumilia safari na inakaa ndani bila kuoza haraka. Kwahiyo ukimuuliza mkulima wa hapa "hii ni mbegu gani?" unakuta anajua, na anakuambia ipi ya kachumbari na ipi ya rosti. Ya rosti chukua iliyoiva sana hata kama ina kovu, bei inashuka na mchuzi unakuwa mzito.

Sasa vipimo, hapa fungueni macho. Vitu vingi vinauzwa kwa fungu au kwa sado, kile kindoo cha kupimia, na sado sio zote zinafanana. Kuna soko moja, sio hili, niliwahi kuuziwa viazi kwa sado iliyobonyezwa kitako kwa ndani, ukiiangalia kwa juu imejaa mpaka imevimba, ukimwaga kwenye mfuko wako unashangaa viazi vimeenda wapi. Tangu hapo nageuza chombo kwanza naangalia chini ndio napimiwa, naomba kwa adabu tu na hamna aliyewahi kukataa. Na fungu la nyanya au hoho omba uone za chini pia.

Mboga za majani ndio roho yangu ilipo. Mnavu wa Tengeru una majani madogo, membamba, meusi kidogo, na uchungu wake ni ule wa kiasi. Fungu nilipewa kwa jero (mia tano) na nyongeza juu bila hata kuomba. Chemsha kidogo, mwaga yale maji, kaanga na kitunguu cha kutosha alafu mwishoni weka maziwa fresh, acha yakaukie. Mtu ambaye hali mnavu mpe huo. Figiri ipo, majani ya maboga yapo na maua yake, ngogwe zipo zile nyeupe ndogo. Pembeni wanapouza maziwa utapata mtindi mzito, ukipata na mahindi ya makande umeshapata loshoro ya jioni.

Kuhusu kupatana bei. Patana, ndio soko, lakini angalia unapatana na nani. Mwenye lori la vitunguu bishana naye mpaka mcheke. Ila bibi ambaye ameshuka na mafungu nane ya mchicha, kalima mwenyewe, kabeba mwenyewe, kalipa nauli na ushuru, alafu wewe unamtoa mia mbili kwenye fungu la mia tano, hapana. Mi huwa nanunua mafungu mawili kwa bei yake, nasema "nyongeza mama", anaongeza kwa mkono wake na tunaagana vizuri. Ukirudi wiki inayofuata anakukumbuka na anakuwekea pembeni iliyo nzuri, na hiyo ni faida kubwa kuliko mia mbili.

Ya kujiandaa nayo ni machache. Beba kikapu chako imara, mifuko ya plastiki ilishapigwa marufuku tangu Juni 2019 na ile mbadala myepesi ikibeba ndizi na viazi inachanika stendi. Beba chenji, noti ya elfu kumi asubuhi saa moja inamtesa mtu anayeuza vitu vya mia tano. Mvua ikiwa imenyesha vaa buti au viatu visivyoteleza, udongo wa huku ni ule mweusi unaoshika. Mzigo ukizidi kuna machalii wa toroli wanakupeleka mpaka barabarani, elewaneni bei kabla hajapakia na tembea naye, usimtangulie.

Jioni kuanzia saa kumi bei zinashuka sana hasa majani na nyanya, kwa mwenye mgahawa au familia kubwa huo ndio muda wake, ila mshare nzuri na mnavu mdogo zinakuwa zimeshaondoka. Jumatano watu ni wachache kidogo, anayeenda na watoto aanzie siku hiyo.